Jogoo Niliyempeleka Kemondo

Jamani, tangu nirudi kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile, na kila mmoja nimemjibu kipande. Mwenye duka nimemwambia ziwa ni kubwa. Jirani nimemwambia samaki wana miiba. Ila nyie wenzangu wa kwaya mmenibana mpaka nyuma ya kanisa, mnataka yote, basi haya ndiyo yote. Nayaandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, na Mama Jeni ataanza kunihurumia kabla sijafika hata Nkwenda. Sitaki kuhurumiwa mimi. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.

Mume wangu, Baba Mugisha, mnamjua. Akienda mnadani anataka kurudi kabla ng'ombe hawajafika. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniambia twende mahali tukatazame kitu. Sasa siku hiyo tunakula, anaweka kijiko chini, anasema, "Kahawa tumeshavuna. Tuwapeleke watoto kwa dada Kemondo wakaone ziwa. Siku chache tu." Mugisha, yule mdogo mwenye miaka kumi na mitatu, akaruka mpaka akamwaga mchuzi. Dada yake Kemilembe, aliyemaliza la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari, aliinamia sahani akatabasamu. Nilimwona. Nikasema moyoni, maskini mwanangu, hajui anakopelekwa.

Maana wifi yangu Verdiana, huyo dada mtu, ameolewa kule Kemondo, ni fundi cherehani, na Mungu hakumjalia mtoto. Mtu wa namna hiyo akiwakaribisha watoto wa kaka yake kutembea, mimi nahesabu vichwa. Mdogo wangu Josefina alipelekwa "kutembea" kwa shangazi yetu Muleba nikiwa msichana. Aliporudi alikuwa mke wa mtu, na alimwamkia mama yetu kama unavyomwamkia mzee usiyemjua njiani. Mama alikaa jikoni siku nzima hakusema neno. Kwa hiyo nyie mnaosema nina roho ya kushuku, hamkuwepo jikoni siku ile.

Kutoka nyumbani Mabira mpaka Nkwenda

Asubuhi ya safari nilimkuta mume wangu uani anafunga tenga kwa kamba za mgomba. Nikachungulia. Ndani yupo kuku wangu wa madoadoa, tetea anayetaga vizuri kuliko wote.

"Huyo wa nini?"

"Zawadi ya dada."

"Jogoo wamejaa uani."

"Jogoo atatusumbua njiani, atawika." Alisema hivyo huku anakaza fundo, hakuniangalia usoni.

Hapo nikajua. Kwenye ukoo wa mume wangu mgeni wa kawaida anapeleka jogoo. Anachinjwa, analiwa, yamekwisha. Lakini mtoto anayepelekwa kukaa kwa ndugu anasindikizwa na tetea. Tetea yule hachinjwi. Anataga na kuatamia pale, vifaranga wanakuwa wa mtoto, asije akasemwa kwamba anakula cha watu bure. Ndugu akimpokea tetea, amempokea na mtoto. Mama mkwe alinieleza mwenyewe mwaka ule nilipoolewa, na alinieleza kwa kunionya.

Nilifunga khanga yangu, nikafunga na mdomo.

Tulitembea, tenga limefungwa nyuma ya baiskeli, Baba Mugisha anaisukuma. Mimi nilishikamana na Kemilembe. Kifurushi chake kilikuwa kinene.

"Nguo zote hizo za nini, na tunakaa siku chache?"

"Wanasema kule kuna upepo, mama."

"Nani anasema?"

"Watu."

Watu! Tukakutana na mzee mmoja anaswaga ng'ombe wake, akatuamkia, akatutazama na mizigo yetu akauliza kama tunahama. Mume wangu akacheka kicheko kirefu kuliko swali lenyewe. Mimi nikamjibu yule mzee kwamba tunakwenda wanne na tutarudi wanne, nikahakikisha kila mtu amesikia.

Nkwenda tuliiacha baiskeli kwa mjomba wake, tukapanda lori la maharage mpaka Omurushaka. Wanaume walikaa juu ya magunia. Mimi na binti tulikaa mbele kwa dereva, na yule dereva naye nilimwangalia vizuri, maana alimuuliza Kemilembe jina mara mbili.

Omurushaka, kwenye kusubiri basi

Basi la Bukoba lilikuwa limeharibika mahali, hakuna aliyejua ni wapi. Mmoja alisema limekata springi, mwingine akasema dereva ana msiba, wa tatu akasema halipo kabisa, liliuzwa. Tukaketi. Baba Mugisha akakutana na watu wa kwao wakamvuta kwenye chai. Mugisha akawafuata kwa ajili ya maandazi. Kemilembe akaenda kutazama vitambaa kwenye kibanda, na pale nilipokaa niliuona mgongo wake. Nikabaki na mizigo. Na tenga.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye kuku, amewafunga miguu. Katikati yao jogoo mwekundu, mkubwa, ana kishungi kama ua.

Nikamsogelea. "Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Nikupe tetea, unipe huyo jogoo."

Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Tetea anaumwa?"

"Mzima."

"Ametaga?"

"Anataga kila siku."

"Sasa mbona unamtoa?" Akaita wenzake, "Hebu njooni! Kuna mtu hapa anatoa tetea anayetaga anataka jogoo!" Wakaja. Walimwinua kuku wangu bawa hili na bawa lile, wakampulizia manyoya, wakamfungua mdomo, mmoja akamnusa. Mwingine akauliza kama nimemwiba. Mwingine akasema mimi natoka kwa mganga, nimeambiwa nikamtoe kuku njia panda, na atakayempokea ataondoka na ugonjwa wangu. Lo! Mimi mwanakwaya!

Ikabidi nimweleze yule mama ukweli sikioni. Kisha akauliza, "Binti yako yupi?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama Kemilembe anavyogusa vitambaa vya watu pale kibandani, akamtazama muda. Akasema tu, "Haya," akanipa jogoo. Sikuipenda ile haya yake, lakini nilifunga tenga upesi kwa fundo lile lile, nikaweka majani ya mgomba juu kama yalivyokuwa.

Baba Mugisha aliporudi alinikuta namenya chungwa.

Basi, na kizuizi cha Kyaka

Basi lilikuja, tukapanda. Tenga likawekwa chini ya kiti chetu. Hatujaenda mbali, jogoo akawika.

Nikakohoa kwa nguvu. Akawika tena.

"Ni wa nani huyo?" mume wangu akauliza.

"Basi zima lina kuku," nikamwambia. "Lala." Kwa bahati kulikuwa na kuku wengine nyuma, na mmoja wao akamjibu mwenzake, wakapokezana hivyo mpaka abiria wakaanza kucheka. Mugisha akasema, "Baba, kama anawikia kwetu." Nikampa chungwa zima anyamaze.

Kyaka kulikuwa na kizuizi. Miaka hii kila anayetoka Karagwe anadhaniwa kuwa na kahawa ya magendo ndani ya soksi. Mgambo akatushusha wote na mizigo. Alichoma magunia kwa chuma chembamba, akapapasa vifurushi, akanusa mpaka chupa ya uji ya mtoto. Kahawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kutafuna tu, imefungwa kwa majani ya mgomba, zawadi ya wenyeji. Akaitafuna punje moja akaturudishia. Kisha akaligusa tenga kwa kiatu.

"Hii nini?"

"Kuku," mume wangu akajibu.

"Fungua."

Baba Mugisha akainama kufungua. Nikaruka mbele. "Afande! Huyo kuku akitoka hapa ni wewe utakayemkimbiza, si mimi! Sisi ni watu wazima na jua hili!" Watu wakacheka. Mgambo akanitazama kwa macho membamba, mtu ambaye kazi yake ni kushuku, ametazamana na mimi, mwenzake wa kushuku. Akaingiza vidole viwili chini ya majani, akapapasa, akadonolewa. "Pita," akasema, ananyonya kidole.

Mume wangu alisema, "Mbona una hasira leo?"

"Joto," nikamjibu.

Bukoba, tukala samaki

Bukoba nitaisema kifupi. Tulipotokea juu mlimani na ziwa likaonekana, abiria wote walisogea upande ule. Maji hayana ng'ambo. Mimi sikuyaamini. Maji yasiyo na upande wa pili yanamalizikia wapi? Mugisha akasema yanamalizikia Kenya, shuleni walifundishwa. Kemilembe alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo.

Tulikula karibu na ufuko. Wakaniletea samaki mzima, na kichwa, na macho, ananitazama. Sisi wa Mabira samaki tunamjua akiwa mkavu, hana la kusema tena. Nikamuuliza mhudumu kama hana maharage. Akacheka akaniambia, "Mama, umefika ziwani unaulizia maharage?" Nikala ndizi kwa mchuzi, nikawaangalia wanangu wanavyotoa miiba. Kemilembe aliitoa vizuri, kama amezoea. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema shangazi alimfundisha alipokuja kwetu Krismasi. Nikaliweka hilo nalo kifuani pamoja na mengine.

Kisha tukapata gari dogo la mizigo linalokwenda njia ya Muleba, na jua likiwa bado juu tukashuka Kemondo.

Kemondo

Wifi Verdiana alitupokea kwa vigelegele. Anakaa nyumba ndogo ya bati mteremkoni, migomba nyuma, ziwa mbele, na barazani kwake vyerehani viwili. Viwili, na fundi mmoja! Nilivitazama vile vyerehani, na kile cha pili kilikuwa kimefutwa vumbi.

Tukaketi mkekani. Kahawa ikapitishwa kwenye kikapu kidogo, kila mtu akachukua punje zake. Shemeji, mume wa wifi, mtu mpole, akatuuliza habari za mvua na migomba. Majirani wawili wakaja kutuona. Kisha Baba Mugisha akasimama, akakohoa, akachukua tenga kwa mikono miwili akalipeleka kwa dada yake. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Dada, hatukuja mikono mitupu."

Nilimtazama wifi usoni. Alikuwa anangoja kitu hicho, uso wote ulikuwa unangoja. Akakata kamba, akatoa majani, akaingiza mkono.

Jogoo akatoka na kishungi chake, akajikung'uta, akawika katikati ya baraza.

Hee! Majirani wakapiga makofi, jogoo wa namna ile hawajamwona. Lakini wifi alibaki amepiga magoti, mikono mitupu. Akamtazama kaka yake. Mume wangu akamtazama jogoo, kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa natafuna kahawa. Mwanamume hawezi kusimama mbele ya shemeji na majirani akasema hajui alichobeba tangu Mabira, basi akaketi.

"Asanteni," wifi akasema taratibu. "Nimeelewa, kaka. Nimepokea. Tutamchinja."

Jogoo alichinjwa, akapikwa na ndizi, na mimi niliyekuwa sijala vizuri tangu asubuhi nilikula paja na mgongo. Alikuwa mtamu, siwadanganyi. Nilikula kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipoinua kichwa niombe chumvi, nikaona nafasi ya Kemilembe haina mtu.

Ufukweni

Nilimkuta chini, amekaa juu ya jiwe mawimbi yanamfikia miguuni. Analia, na si kilio cha mtoto, ni kile cha kuzuia mpaka mabega yanatetemeka. Nikafurahi kidogo, niseme ukweli. Nikadhani amegundua njama.

Nikaketi karibu yake. "Usilie, mwanangu. Hawakuchukui tena. Mama yako amewaona mapema."

Akageuka. "Nani hanichukui?"

"Shangazi yako. Baba yako alikuwa amekuletea tetea. Nimembadilisha Omurushaka."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. "Ni wewe?" akasema. "Ni wewe, mama? Nilidhani ni baba amenigeuka. Shangazi ameniambia sasa hivi nirudi nyumbani, kwa kuwa wazazi wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Mimi ndiye niliyeomba."

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna. Shangazi alipokuja Krismasi alimwomba amfundishe kushona, shangazi akamwambia hawezi kumchukua mtoto wa watu bila kuku, azungumze na baba yake. Akazungumza na baba yake. Amemsihi baba yake tangu wakati wa kupalilia mpaka mwisho wa kuvuna, na mimi niko humo humo ndani.

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Akapangusa pua kwa mkono. "Ungeuliza ni mwanamume gani yuko Kemondo."

Ni kweli ningeuliza. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuliuliza kichwani.

"Cherehani hata Nkwenda wapo mafundi," nikasema. "Hakuna haja ya kuja mpaka huku majini."

Hapo alinyamaza, nikajua limebaki jingine. Nikamwambia aseme. Akasema hawezi. Nikamwambia aseme, mimi ni mama yake. Akasema akiwa anatazama maji, "Mama, nikitoka kisimani unaninusa."

Mawimbi yalikuja yakaenda. Nilitaka kumpiga kofi, na mkono wenyewe ukainuka kidogo. Maana ninamnusa kweli. Namnusa shingoni, nasema natazama kama ana homa. Nilidhani hajui.

"Unamuuliza Mugisha nimesimama na nani. Unaangalia nyayo zangu njiani. Sijafanya kitu, mama. Sijawahi kufanya kitu hata kimoja. Nimechoka."

Nilisema mengi pale, sitayaandika yote. Nilimwambia habari za Josefina, na jikoni kwa mama. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Ma'mdogo alipelekwa, mama. Mimi naomba." Jibu la hilo? Nimekaa nikilitafuta tangu siku ile, njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitafuta, na bado.

Mume wangu alikuwa amesimama juu pale kwenye migomba anatuangalia. Nilipopanda nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unaninyamazia mpaka lini?"

"Mpaka dada ampokee kuku mbele ya watu. Ningekwambia nyumbani ungemfungia ndani."

"Ningemfungia kweli," nikamwambia.

Kuondoka

Siku zilizofuata tulitazama ziwa kama watu waliokuja kutazama ziwa. Mugisha alijifunza kuogelea kwa kunywa maji mengi. Mimi nilikula samaki, nikaanza na mkia. Kemilembe alikaa barazani na shangazi yake bila kugusa cherehani, na hakuna aliyemwambia aguse.

Siku ya mwisho asubuhi nilitoka mwenyewe nikapanda kwa jirani wa juu, mama mmoja mwenye kuku wengi. Nikamvulia kitenge changu kipya, kile mlichokisifia Pasaka, nikabaki na khanga. Nikamwomba tetea. Naye alinishuku, wa pili huyo! Akakigeuza kitenge mbele nyuma akitafuta kilipochanika. Hakuna kilipochanika. Akanipa.

Nikaingia kwa wifi. Walikuwa wanakunywa uji. Nikapiga magoti, na mnajua mimi simpigii wifi magoti ovyo, nikamkabidhi kuku mikononi. Baba Mugisha akaweka kikombe chini. Kemilembe akatoka nje mbio, nikamsikia anacheka na kulia huko nyuma ya nyumba.

Wifi alimpokea kuku, akamkumbatia kifuani, machozi yanamtoka. Ni mwanamke mzuri, nawaambia, nilimwonea. Akanishika mkono akasema, "Wifi, mimi sijalea mtoto. Usiniache hivi hivi. Niambie mtoto wako nimtunzeje."

Nikaanza kumwambia. Nikamwambia anachukua muda gani kwenda kisimani na kurudi. Nikamwambia majina ya wasichana anaotembea nao, na yupi si mzuri. Nikamwambia akisema anaumwa kichwa mara nyingi ni uvivu. Wifi anaitikia, anaitikia, kisha akasema, "Sawa, wifi. Sasa niambie anapenda nini. Akiwa na huzuni humu ndani, nimfanyie nini afurahi?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Mugisha ameshabeba mzigo. Mume wangu ananisubiri mlangoni. Wifi bado amenishika mkono, ananitazama, anangoja.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Na akikwambia, mniletee habari."